Kambi ya siku mbili kwenye kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria: mwongozo kwa anayeanza

Kila kiangazi kikikaribia, maswali huwa yaleyale. Ninunue hema la aina gani? Boti naipata wapi? Mamba wapo? Maji ya ziwa yananyweka? Halafu mtu akishapanga kila kitu ndipo anauliza lile lililotakiwa liwe la kwanza: tunaondoka saa ngapi?

Mnaondoka asubuhi. Saa 12:30 uwe mwaloni, pale boti zinapotia nanga, na mizigo yako, usiwe bado kwenye daladala mjini Mwanza. Siku ya kurudi ni hivyohivyo. Ukilishika hili moja, mengine yaliyomo humu yatakuwa mepesi, kwa sababu karibu kila kambi ya kisiwani niliyoiona ikiharibika, iliharibikia kwenye boti ya mchana.

Ninamwandikia mtu aliyeko Mwanza mwenye siku mbili tatu za mapumziko, anayetaka kukaa chini ya mti, kula sato, kulala hemani na kurudi nyumbani salama. Kama umeshapiga kambi mara nyingi porini, soma hatua ya 1, ya 5 na ya 7 tu. Hayo ndiyo mambo ya ziwa, na porini hukuyakuta.

Kisiwa kipi?

Kama hujawahi kulala kwenye hema hata siku moja, anza kwa kwenda Saanane kutwa nzima. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ina kilomita za mraba 2.18 tu, na kutoka Capri Point, Mwanza mjini, safari ya boti haimalizi hata robo saa. Jina limetokana na mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi pale kabla ya bustani ya wanyama kuanzishwa mwaka 1964. Nenda uone mawe yalivyo, pimbi wanavyotoka kuota jua, na upepo unavyobadilika kuanzia saa sita. Ukitaka kulala, ulizia kwanza ofisi ya hifadhi palepale Capri Point, wakupe utaratibu na ada za siku hizo.

Rubondo ni habari nyingine. Ni hifadhi tangu 1977, ina kilomita za mraba zaidi ya 450, na ndani yake kuna tembo, nzohe ambao ni swala wa majini, na sokwe ambao babu zao waliletwa miaka ya 1966 hadi 1969. Ni pazuri sana, lakini si kisiwa kidogo na wala si pa kujifunzia.

Ninachokizungumzia hapa ni visiwa vidogo vya vijiji, vile vya upande wa Ilemela, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Havina geti wala tiketi, lakini vina wenyewe. Kisiwa kinachomfaa anayeanza kina mambo matatu: watu wanaoishi pale, mtandao wa simu unaoshika walau upande mmoja, na umbali usiozidi saa moja kwa boti ya injini. Kisiwa kisicho na mtu kinavutia kwenye picha. Usiku mtoto akishikwa na homa, ndipo utajua thamani ya jirani.

Lini?

Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya uhakika, mvua haba. Juni na Julai usiku kuna baridi inayowashangaza wanaodhani Mwanza ni joto mwaka mzima, na upepo wa mchana ni mkali, kwa hiyo beba blanketi. Januari na Februari panafaa pia. Kuanzia Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, dhoruba za usiku ziwani si za mchezo, na anayeanza akae bara.

Tazama na mwezi. Giza likiwa totoro, wavuvi wa dagaa wako kazini na ziwa zima linawaka taa kama mji. Mwezi mpevu ukitoka, wengi wao hupumzika, kwa sababu dagaa hawafuati taa kukiwa na mbalamwezi. Siku hizo nahodha anapatikana kirahisi na ana muda wa kuzungumza na wewe. Mimi napenda siku za giza, lakini kwa safari ya kwanza mbalamwezi ni msaada mkubwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

Hesabu hii ni ya watu wanne, usiku mbili.

- Mahema mawili yenye turubai la juu, na zipu zinazofunga hadi mwisho. Yafungue nyumbani uyajaribu. Hema jipya kukosa fimbo moja si jambo la ajabu.
- Kamba za manila mita 30, mbali na zile zilizokuja na hema.
- Turubai moja kubwa la kivuli, na mikeka.
- Madumu matatu ya lita 20 yenye maji safi kutoka nyumbani. Kunywa na kupika ni lita 5 kwa mtu kwa siku, na kinachobaki ni akiba.
- Vidonge vya kutibu maji, na sufuria kubwa ya kuchemshia.
- Mtungi wa gesi wa kilo 6 na kichwa chake, au jiko la mkaa na mkaa wa debe moja. Vibiriti viwili, kimoja ndani ya chupa iliyofungwa.
- Ndoo mbili za mafuta ya kupikia, zile za lita 20 zenye mfuniko. Zimeoshwa, zimekauka, zinabeba unga na nguo, na hata zikianguka majini zinaelea.
- Ndoo ndogo yenye kamba ya mita 5, ya kuchotea maji.
- Tochi kwa kila mtu, pawabenki, simu moja ya batani.
- Chandarua chenye dawa, dawa ya kupaka ya mbu, nguo za mikono mirefu.
- Sanduku dogo la dawa: bandeji, dawa ya vidonda, paracetamol, pakiti za ORS, na dawa ambazo mtu yeyote kati yenu anazitumia kila siku.
- Jembe dogo au sululu ya kuchimbia choo.
- Chakula kisichoharibika: unga, mchele, karanga, chumvi, ndimu, vitunguu, na matobolwa. Matobolwa ndiyo chakula cha kambi chenyewe. Ni viazi vitamu vilivyokwisha kuchemshwa na kukaushwa, havihitaji jiko, havivunjiki, na mtoto anatafuna huku anacheza. Michembe, ile ya viazi vilivyokaushwa vibichi, nayo ni mitamu, ila hiyo lazima uipike.

Usibebe chupa za vioo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, basi tumia vikapu, ndoo na viroba.

Hatua kwa hatua

1. Mtafute nahodha kwanza, boti baadaye

Nenda mwaloni siku mbili au tatu kabla, na uende mwenyewe. Usimwagize mtu wa pembeni akutafutie. Uliza viongozi wa BMU, ambao ni wasimamizi wa mwalo, nani huwa anapeleka abiria kwenye kisiwa chako. Watakutajia jina moja au mawili, na mara nyingi ni mtu mzima asiye na maneno mengi.

Ukimpata, msalimie vizuri, kaa, uliza. Mazungumzo yangu na nahodha ninayemwamini huwa mafupi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Jumamosi ziwa litakuwaje?"

"Asubuhi linapitika. Baada ya saa tano usiniite."

Nahodha anayekwambia saa yoyote inafaa, mshukuru na uondoke.

Kisha kagua chombo. Namba ya usajili iko ubavuni? Majaketi okozi yapo ya watu wote, na vifungo vyake vinafunga? Yashike kwa mkono, usikubali kuambiwa yapo nyumbani. Kuna makasia mawili endapo injini itazima? Kuna plagi ya akiba, petroli ya kwenda na kurudi, na ndoo ya kukumbia maji? Watoto wavae jaketi la saizi yao, kwa sababu la mkubwa humchomoka mtoto akiingia majini.

Kubalianeni bei ya kwenda na kurudi pamoja, lipa nusu, nusu nyingine mtakapokanyaga bara. Andika siku na saa ya kufuatwa, chukua namba yake na namba ya mtu mwingine wa mwalo huohuo. Hiyo namba ya pili ndiyo itakayokuokoa simu ya nahodha ikizimika.

*Kosa la kawaida:* kujazana ili bei ishuke. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza mita chache kufika Bwisya, Ukara, na watu zaidi ya 200 walikufa. Kilikuwa kivuko kikubwa, na kilikuwa kimezidisha abiria. Boti ya mbao iliyojaa ina nafasi ndogo zaidi ya kukusamehe. Mkiwa wengi, nendeni kwa safari mbili.

2. Lisome ziwa jioni na asubuhi

Jioni ya kuamkia safari sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa upepo na mawimbi. Asubuhi simama mwaloni dakika kumi kabla ya kupakia chochote. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo ukavuta kutoka ziwani kuja bara, na kuanzia saa tano hivi mawimbi huanza kuota vichwa vyeupe. Usiku mambo hugeuka, na dhoruba nyingi hujengeka katikati ya ziwa.

Ukiona wingu jeusi limelala chini upande wa ziwa, au usiku umeona radi nyingi kule, subiri. Tazama wavuvi: wakiwa wanavuta mitumbwi juu badala ya kuisukuma majini, umeshapata jibu. Nahodha akisema leo hapana, usimbembeleze wala usimwongezee hela.

3. Pakia chini na katikati

Madumu ya maji yawekwe sakafuni katikati, ndoo pembeni yake, mahema juu. Simu na vibiriti ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mtungi wa gesi usimame, ufungwe kwa kamba. Jaketi livaliwe mkiwa bado ufukweni. Boti ikishaondoka hakuna kusimama, hata kwa picha.

Kabla ya kuondoka mwachie mtu wa bara ujumbe: kisiwa gani, nahodha nani, mnarudi siku gani saa ngapi, na afanye nini msipofika.

4. Bisha hodi kisiwani

Usianze kushusha hema. Anza na mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, na watu wa BMU kama wapo. Asubuhi ukisema "Mwangaluka" kwa Wasukuma, mchana "Mwadila", nyuso zinafunguka. Visiwa vya Ukerewe utakutana na Kikerewe, Kikara na Kijita, na Kiswahili kinatosha kote. Jitambulishe, sema mko wangapi na mnakaa siku ngapi, uliza mnaruhusiwa wapi. Wakisema jina lako liandikwe kwenye daftari la wageni, liandikwe. Kama kuna mchango wa kijiji, toa na uombe risiti.

Uliza maswali mawili ambayo wageni huyasahau. La kwanza: kiboko anapandia wapi usiku? La pili: ni wapi hatutakiwi kwenda? Visiwa vingi vina jiwe au kichaka cha matambiko. Ukara kuna jiwe linalocheza ambalo watu husafiri kwenda kuliona, na hata hapo unakwenda ukiongozwa na wenyeji. Wakikwambia kilima fulani si cha kupiga picha, kiache.

Kuvua samaki nako kuna leseni na kanuni. Usitupe ndoano kwa sababu tu uko likizo, waulize BMU.

5. Chagua mahali pa hema

Hapa tumia saa nzima kama inabidi. Mimi mwaka wa kwanza nilitumia dakika tano. Niliona mchanga mweupe, hatua kumi kutoka majini, nikasimamisha. Saa tisa usiku upepo ulivuma, na tulipoamka tulikuta godoro limelowa na kiatu kimoja cha mwanangu kinaelea. Hakuna aliyeumia, lakini hatukulala tena mpaka kulipokucha, na toka siku hiyo mchanga mweupe naupita tu.

Zingatia haya:

- Hatua 50 au zaidi kutoka majini, na pawe juu kidogo. Ziwa halina kupwa na kujaa kama bahari, lakini upepo husukuma maji, na kina chenyewe hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Mwaka 2020, na tena 2024, maji yalipanda sana na kumeza fukwe nyingi. Alama ya maji kwenye mawe na miti iliyokufa ukingoni itakuonyesha yalifika wapi.
- Mbali na njia ya kiboko. Utaitambua: majani yamelala, na chini kuna mifereji miwili yenye tuta katikati, kwa sababu miguu ya kushoto na ya kulia hupita mbalimbali. Kiboko hutoka usiku kula majani na hurudi majini kwa njia ileile. Asikukute katikati.
- Siyo chini ya mti wanakolala minandi, wale ndege weusi wa majini. Ukiona mawe na matawi yamepakwa chokaa, hiyo si chokaa.
- Siyo kwenye korongo kati ya mawe mawili makubwa, maana mvua ikinyesha huo ni mto.
- Siyo juu kabisa ya jiwe. Mandhari ni ya kupendeza, na radi nayo hupenda palepale.
- Karibu na jiwe kubwa upande wa kisogo cha upepo, yaani usiopigwa na upepo, ni pazuri. Jiwe lililopigwa na jua kutwa nzima hubaki na joto mpaka usiku wa manane. Julai ni raha. Februari utajuta.

6. Funga hema kwa mawe

Wageni wengi hupinda vigingi vyote ndani ya nusu saa kisha hukaa chini. Ardhi ya visiwa hivi ni udongo wa kiganja kimoja juu ya jiwe. Usipigane nayo.

Chukua kamba ya pembe ya hema. Tafuta jiwe la ukubwa wa ngumi mbili, lizungushie kamba, funga. Lilaze chini, vuta mpaka kamba ikaze. Sasa lete jiwe kubwa, la kubebwa kwa mikono miwili, uliweke juu ya kamba, mbele ya lile dogo, upande wa hema. Upepo ukivuta, jiwe dogo linajibana kwenye kubwa, na haliendi popote. Fanya hivyo pembe zote nne na kamba za turubai la juu. Mahali ambapo hema lina vitanzi vidogo, pitisha kijiti imara ndani ya kitanzi na uweke jiwe juu ya kijiti, pande zote mbili.

Mlango uelekee kisogo cha upepo. Turubai la juu lisigusane na hema la ndani, kwani likigusana ndipo maji yanapopenya. Zipu ifungwe muda wote, hata mchana, kwa ajili ya nyoka, nge na mbu. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

7. Maji: kunywa, kuoga, kuogelea

Ya kunywa ni yale ya kwenye madumu. Yakiisha, chota ya ziwa mbali na ukingo wenye majani, yachuje kwa kitambaa safi, yachemshe mpaka yatokote sawasawa, au weka kidonge ukifuata maelezo ya pakiti.

Kuoga ndiko watu wanakokosea. Tatizo ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya ukingoni, maji yakiwa yametulia, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache, wala huhisi. Kwa hiyo maji ya kuogea yachemshwe jioni, yaachwe yapoe ndani ya ndoo yenye mfuniko, yatumike asubuhi. Nimeona watu wakichemsha vizuri kabisa, kisha wakayapooza kwa kata mbili za maji mabichi ya ziwa. Hapo kuni zimepotea bure.

Na kuogelea? Sitakudanganya kwamba kuna mahali salama kabisa. Kwenye kina, mbali na majani, ambako mawimbi yanapiga, hatari hupungua, haiishi. Ukiamua kuingia, ingia kwa muda mfupi, jifute kwa taulo mara utokapo, na ukumbuke uliingia tarehe ngapi. Watoto mimi siwaingizi. Tunacheza na ndoo na mchanga, wanafurahi vilevile.

Mamba: usichote maji mahali palepale saa ileile kila siku, kwa sababu mamba hujifunza. Chota kwa ndoo yenye kamba ukiwa umesimama juu ya jiwe. Vyombo vioshwe juu, kambini, siyo ukingoni. Magamba na utumbo wa samaki usitupwe majini karibu na kambi. Jua likishazama hakuna mtu kwenda ukingoni, hata kwa dakika moja.

8. Jikoni

Nunua samaki asubuhi mitumbwi inaporudi. Sato mzuri ana jicho lililojaa na matamvua mekundu, na ukimbonyeza nyama inarudi. Mpare, mtumbue, mkate chale tatu kila ubavu, mpake chumvi na ndimu, mwache robo saa. Mkaa uwe umeshapata majivu meupe juu. Mweke, na usimguse mpaka ajibandue mwenyewe kwenye wavu. Ukimlazimisha ngozi inabaki chini. Ugali wa muhogo pembeni, pilipili ya kusaga, basi.

Moto uwashwe mahali pasipo na majani makavu, na mafiga yasiwe mawe yaliyotoka majini, kwani yakipata moto hupasuka na vipande vinaruka. Usikate miti ya kisiwa. Kuni ni chache kule na wenyeji wanazihitaji, ndiyo maana nikasema gesi au mkaa.

9. Choo

Kama kijiji kina choo, omba kutumia. Kama hakuna, chimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, hatua 80 au zaidi kutoka majini, na kila anayetumia afukie. Watu wa kisiwa wanakunywa maji hayohayo ya ziwa.

10. Usiku, na siku ya kukaa tu

Saa moja jioni mpake dawa, mvae mikono mirefu, tochi ziwe za mwanga mdogo. Chandarua kitundikwe ndani ya hema au hema lifungwe kabisa. Kisha zima taa zote na ugeukie ziwa. Kwanza unaona taa moja, halafu tano, halafu huhesabu tena. Sauti za wavuvi zinakufikia juu ya maji kana kwamba wako mlangoni: mtu anakohoa, mwingine anacheka, injini inazimwa. Hakuna cha kufanya wakati huo, na usitafute cha kufanya.

Siku ya katikati usiipangie ratiba. Asubuhi zunguka kisiwa kwa miguu, mchana lala chini ya turubai, jioni kaa juu ya jiwe. Dagaa wakiwa wameanikwa juani uliza kabla ya kupita. Ukinunua kwa mama anayeanika, nunua kavu kabisa, wanaovunjika ukiwakunja.

11. Kuondoka

Jioni ya kuamkia safari mpigie nahodha. Fungasha kila kitu isipokuwa hema. Alfajiri mwagia moto maji mpaka majivu yawe tope baridi, fukia shimo, rudisha mawe ulikoyatoa, beba takataka zote hadi bara, hata zile ulizozikuta. Muage mwenyekiti. Saa 1:00 uwe ndani ya boti.

Mambo yakienda kombo

*Nahodha hajafika.* Subiri saa moja, kisha piga namba ya pili. Ikifika saa tano hajafika, kambi inalala siku moja zaidi. Usipande mtumbwi wowote unaopita kwa sababu tu kesho kuna kazi. Ndiyo maana ya dumu la akiba.

*Upepo umeanza mkiwa katikati ya ziwa.* Kaeni chini sakafuni, msihame upande, mwachieni nahodha akate mawimbi. Akitaka kuingia kisiwa cha karibu, mwitikieni. Dharura ni 112, Zimamoto na Uokoaji 114.

*Wingu la wadudu kama moshi linatoka ziwani.* Ni wadudu wadogo wa ziwani, hawaumi. Funika chakula, zima taa, fumba mdomo, litapita.

*Mvua imepenya hemani.* Mara nyingi turubai la juu limelegea. Kaza kamba, toa vitu vinavyogusa kuta, chimba mfereji mdogo upande wa juu.

*Mtu anaharisha.* Mpe ORS kidogo kidogo. Pakiti zikiisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa. Damu ikionekana, au asipokojoa kutwa nzima, arudishwe bara.

*Simu haishiki.* Panda juu upande unaoelekea Mwanza. Simu ya batani mara nyingi hushika pale simu kubwa inaposhindwa.

*Umerudi, na wiki moja au mbili baadaye una homa.* Pima malaria siku hiyohiyo. Ikiwa ngozi iliwasha baada ya kuingia majini, au baada ya wiki kadhaa unapata homa, kikohozi au tumbo kuuma, mwambie daktari wazi kwamba uliingia Ziwa Victoria na umtajie tarehe. Hata usipoumwa, nenda ukapime kichocho baada ya wiki 6 hadi 8. Dawa yake, praziquantel, hutolewa kwa kupima uzito, kwa hiyo usimeze za kukadiria dukani.